Tairi Linanuka: Nani Atasema?



Huenda baba yako ni dereva wa lori. Au mjomba. Au ni kaka yako aliyemaliza kidato cha nne, akakaa mtaani miezi kadhaa, kisha akapata kazi ya utingo kwenye semitrela la kwenda Tunduma. Na kama hakuna dereva kwenu, bado sukari, saruji, madaftari na mafuta ya taa mnayotumia nyumbani vilifika kwa lori. Kwa hiyo mambo ya malori yanakuhusu.

Hebu fikiria safari hii. Ni ya mfano tu, lakini waulize madereva, watakuambia wameiona.

Ni saa tisa usiku. Lori limebeba tani 30 za mzigo. Dereva amesimama kidogo ili wachimbe dawa. Utingo, kijana wa miaka 19, anapita nyuma ya tela, ananusa. Kuna harufu ya mpira unaoungua. Anarudi mbele.

"Mzee, kule nyuma kuna kitu kinanuka."

"Ni breki tu hizo, kijana. Panda twende. Tajiri anataka mzigo ushuke asubuhi."

Kijana anapanda. Kilomita 20 mbele, dereva anaona mwanga kwenye kioo cha pembeni. Anadhani ni gari linalotaka kupita. Siyo gari. Ni tela lao linawaka.

Watu wakifika pale asubuhi watasema, "Ah, lilishika moto ghafla." Si kweli. Lori lile lilitoa taarifa kwanza. Pua ya mtu mmoja iliipata taarifa hiyo, mdomo wake ukaisema mara moja, halafu ukanyamaza. Makala hii inahusu taarifa za namna hiyo: zinatoka wapi, nani anatakiwa kuzitafuta, na kwa nini mara nyingi hazisikilizwi.

MOTO UNATAKA VITU VITATU

Haya umeyasoma darasani. Moto unahitaji kitu cha kuungua, hewa ya oksijeni, na joto la kutosha. Ukiondoa kimoja, moto hakuna.

Sasa litazame lori. Vitu vya kuungua vimejaa: matairi, dizeli, grisi, oili, maturubai, mbao, viti, na mara nyingi mzigo wenyewe. Hewa ipo tele, tena gari likikimbia linapepewa kama jiko. Kinachokosekana ni kimoja tu: joto. Basi kazi yote ya kuzuia moto wa lori ni kulitafuta joto mahali ambapo halitakiwi kuwepo.

Joto hilo lina maficho yake. Ukiyajua, umejua nusu ya somo.

Matairi. Lori kubwa lina matairi mawili mawili yaliyobanana. La ndani likipungukiwa upepo, huwezi kuona kwa macho, maana mwenzake wa nje analibeba. Lakini tairi lisilo na upepo wa kutosha hukunjwa kila linapozunguka, na tairi la lori huzunguka karibu mara 300 kwa kila kilomita moja. Chukua kipande cha waya laini, kikunje na kukinyoosha haraka haraka mara 20, halafu kiguse mahali pale kinapokunjika. Umesikia joto? Ndivyo mpira unavyopata moto kutoka ndani.

Breki. Malori mengi hutumia breki za upepo. Upepo ukipungua kwenye mfumo, springi kali hukamata magurudumu ili gari lisiserereke. Ni ulinzi mzuri. Lakini upepo ukivuja kidogo kidogo, breki ya gurudumu moja inaweza kuwa imeshika nusu nusu huku lori likienda. Injini ina nguvu, dereva hasikii kitu. Ngoma ya breki inazidi kuiva tu, na tairi liko hapo hapo jirani.

Beringi. Gurudumu linazungukia kwenye beringi. Beringi bila grisi, au iliyofungwa vibaya gereji, husuguana chuma kwa chuma.

Nyaya. Lori lina betri mbili za volti 12 zilizounganishwa kupata volti 24. Waya mnene wa betri ukisugua chesesi mpaka gamba lake likaisha, umeme mwingi hupita kwa mpigo na waya unakuwa mwekundu kama wa jiko la umeme. Hatari inazidi pale mtu anapoongeza taa za urembo na redio kubwa, kisha fyuzi ikikatika mara kwa mara anaweka kipande cha waya badala yake. Fyuzi inakatika kwa sababu inakuonya. Ukiifunga mdomo, kitakachokatika ni kitu kingine.

Mafuta. Bomba la dizeli lililopasuka kidogo, juu ya bomba la moshi lenye moto, ni shughuli. Hivyo hivyo matambara yenye oili yaliyosahauliwa karibu na injini baada ya matengenezo.

Mzigo. Pamba ikipata cheche inaweza kuungua ndani kwa ndani kwa muda mrefu bila mwali kuonekana. Mkaa ambao haukupoa vizuri unaweza kuwaka tena ukiwa kwenye magunia. Salfa, ambayo malori mengi huipeleka kwenye migodi ya shaba ya Zambia na Kongo, ikiungua hutoa moshi unaochoma mapafu. Dereva asipoambiwa amebeba nini, ataendaje kujihadhari?

HESABU YA MLIMA

Kama unasoma fizikia, hebu tufanye hesabu ndogo. Kwa sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016, lori kubwa kabisa pamoja na mzigo wake lisizidi tani 56. Sema lori kama hilo linashuka mlima, na kutoka juu mpaka chini ni mita 100 tu za kwenda chini. Milima kama Kitonga kule Iringa au Sekenke kule Singida ni zaidi ya hapo.

Nishati ni uzito mara mvutano wa dunia mara kimo: kilo 56,000 × 10 × mita 100. Unapata jouli milioni 56. Lori likishuka bila kuongeza mwendo, nishati hiyo yote lazima iende mahali, na kama dereva anategemea breki peke yake, inageuka kuwa joto kwenye ngoma za breki.

Je, ni joto kiasi gani? Kuchemsha lita moja ya maji kutoka nyuzi 20 mpaka 100 kunahitaji jouli 336,000. Gawanya. Utapata lita 166. Yaani ni joto la kuchemsha maji madumu manane ya lita 20, na bado linabaki! Na hizo ni mita 100 za kwanza tu.

Ndiyo maana madereva wazoefu husema, "Mlima unaoupanda kwa gia ndogo, ushuke kwa gia ndogo." Injini nayo inasaidia kulizuia lori, na joto lake linatoka kwa njia ya rejeta na bomba la moshi. Dereva anayeweka fri ili abane mafuta amezitupia breki kazi yote. Breki zikiiva sana hazishiki tena. Kuanzia hapo kuna njia mbili, zote mbaya: kupinduka au kuwaka.

SI MALORI YA MAFUTA TU

Wengi tukisikia moto wa lori tunafikiria petroli. Moto mmoja unaokumbukwa sana duniani haukuwa wa petroli. Tarehe 24 Machi 1999, lori lililobeba unga na siagi ya majarini liliingia kwenye handaki refu lililopita chini ya mlima Mont Blanc, kati ya Ufaransa na Italia. Madereva waliokuwa wakija upande wa pili walianza kumwashia taa mwenzao. Walikuwa wameona moshi kabla yeye hajauona. Alipotazama kwenye kioo na kusimama, lilikuwa tayari katikati ya mlima. Moto ulichukua saa 53. Watu 39 walikufa, na wengi waliuawa na moshi, hata kabla ya miali kuwafikia.

Jifunze mambo mawili hapo. La kwanza, mzigo wa kawaida wa dukani unaweza kuua. La pili, anayeuona moto wa kwanza mara nyingi siyo dereva. Dereva anatazama mbele. Moto uko nyuma.

UKAGUZI WA DAKIKA 15

Dawa ipo na si ghali: kulizunguka lori kabla ya kuondoka, na kulizunguka tena kila mnaposimama. Dereva na utingo wake wanaweza kufanya hivi:

1. Anzia mbele. Fungua boneti. Tazama uvujaji wa oili na dizeli. Toa matambara, majani makavu na takataka.

2. Tazama betri na nyaya. Ziwe zimefungwa imara, zisisugue chuma. Harufu ya plastiki iliyoungua isipuuzwe.

3. Washa injini, acha upepo wa breki ujae, zima, sikiliza. Mlio wa "ssss" usioisha ni uvujaji.

4. Pima upepo wa kila tairi kwa geji, pamoja na yale ya ndani. Kugonga kwa nondo na kusikiliza mlio kunasaidia kugundua lililoisha kabisa, lakini hakukuambii lililopungua.

5. Angalia nati za magurudumu, na kama kuna grisi inayotiririka kutoka katikati ya gurudumu.

6. Angalia turubai na kamba. Visining'inie karibu na bomba la moshi wala magurudumu.

7. Mtungi wa kuzimia moto uwepo, mshale wake uwe kwenye kijani, na pini iwepo. Uwe mahali mkono unapofika, siyo chini ya godoro na sufuria.

8. Njiani, kila mnaposimama, peleka mgongo wa kiganja karibu na kila gurudumu, bila kugusa. Unalinganisha. Magurudumu yote huwa na joto. Linalotofautiana na wenzake ndilo lenye neno.

Hiyo namba nane ndiyo ingewaokoa wale wa mfano wetu. Ingechukua dakika mbili.

Na jambo jingine: majiko. Safari ni ndefu, watu wanakula. Lakini kupika chini ya tela, karibu na tangi la dizeli, kwa sababu kuna upepo au mvua, ni kualika matatizo. Pika mbali na gari. Na usiwashe jiko la mkaa ndani ya kebini ili kupata joto usiku. Hewa yake ya sumu haina harufu, na inaua watu wakiwa wamelala.

MBONA BASI HAWAKAGUI?

Swali zuri. Si kwamba madereva ni wajinga. Wengi wanajua haya kuliko mwandishi wa makala.

Tazama mnyororo ulivyo. Mwenye mzigo anampa kazi mkandarasi wa usafirishaji. Mkandarasi akizidiwa anampa mkandarasi mdogo. Huyo anakodi lori la tajiri mwingine. Tajiri ana dereva, dereva ana utingo. Kila mmoja anaamini mwenzake amekagua. Mwenye mzigo anasema, "Nimelipa, mengine si yangu." Mkandarasi anasema, "Lori si langu." Tajiri anasema, "Dereva angeniambia." Dereva anasema, "Fundi alishaangalia." Fundi naye alilipwa kubadilisha tairi tu. Mwisho wa mnyororo yuko kijana wa miaka 19 mwenye pua nzuri na sauti ndogo.

Halafu kuna pesa. Dereva anayelipwa kwa tripu akisimama saa mbili kutengeneza breki, amepoteza saa mbili za riziki yake. Akipiga simu kuomba spea, anaambiwa, "Jitahidi ufike, tutaangalia huku." Akilalamika sana, lori anapewa mwingine. Ukimwambia mtu kama huyu "kuwa makini", hujamsaidia. Umemwongezea mzigo.

Wanaoweza kubadilisha hali hii ni wale wa juu kwenye mnyororo. Mkandarasi mzuri huandika ukaguzi ndani ya mkataba na huhesabu dakika zake kuwa ni kazi. Anataka karatasi ya ukaguzi iliyotiwa saini kabla lori halijapakia, na analikataa lori bovu hata kama limeshafika getini. Anampa dereva muda wa kulala. Na muhimu kuliko yote, hamfukuzi dereva aliyesema, "Gari hili halifai kwenda leo."

Haya si hisani. Tanzania ina Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003, na Kenya ina yake ya mwaka 2007. Zote zinamtaka mwajiri alinde usalama wa wafanyakazi wake. Shirika la Kazi Duniani nalo, katika Mkataba namba 155 wa mwaka 1981, linasema mfanyakazi aliyejiondoa kwenye kazi akiwa na sababu ya kweli ya kuamini kuna hatari ya karibu kwa uhai au afya yake alindwe, asiadhibiwe. Mahali pa kazi pa dereva ni lori.

UKIWA WEWE NDIYE UTINGO

Baadhi yenu mtafanya kazi hii, au mtakuwa saidia fundi gereji, au karani kwenye ofisi ya usafirishaji. Utakuwa mdogo kuliko wote. Dereva ni mtu mzima, ana heshima yake, na ndiye anayekufundisha kazi. Unamwambiaje kwamba hapa tusimame?

Heshima haikukatazi kusema. Ila namna ya kusema ina uzito. "Mzee, naona unaendesha vibaya" itakuletea kelele. Jaribu kusema kile ulichokiona, mahali kilipo, na unachoomba: "Mzee, samahani. Tairi la nyuma kushoto lina joto kuliko mengine. Naomba tuliangalie pamoja kabla hatujaondoka." Hapo hujamhukumu mtu. Umemletea habari, na umemwomba atumie uzoefu wake.

Akisema "twende", rudia mara moja tena. "Mzee, naomba uje unuse mwenyewe, ni dakika moja tu." Watu wengi wazima wakifika mbele ya tairi linalotoa moshi huacha ubishi. Na kama bado anakataa huku wewe unaona hatari waziwazi, kushuka si woga wala utovu wa adabu. Nauli ya kurudi nyumbani inatafutwa. Ngozi haitafutwi.

Na wewe mwenye baba au mjomba dereva, una nafasi yako. Siku akiwa nyumbani, muulize, "Baba, mtungi wa kuzimia moto kwenye gari lako ulikaguliwa lini?" Swali la mtoto humkaa mtu kichwani kilomita nyingi.

MOTO UKISHATOKEA

Simama mbali na nyumba, kituo cha mafuta na majani makavu kama inawezekana. Zima injini. Wote washuke, wakae upande ambao upepo unatokea, ili moshi usiwafuate. Piga simu ya zimamoto: Tanzania ni 114. Kenya piga 999.

Kama moto bado ni mdogo, tumia mtungi wa unga. Ng'oa pini, elekeza mdomo kwenye shina la moto, siyo kwenye miali, minya, halafu fagia kushoto na kulia. Ujue unga huisha ndani ya sekunde chache, haufiki hata nusu dakika. Ukiisha na moto bado upo, ondoka. Ukiona moshi kwenye boneti, usiifungue wazi. Utakuwa umeupa moto hewa uliyokuwa unaihitaji. Usimwagie maji petroli inayowaka wala umeme. Na usisimame ubavuni mwa tairi linalowaka, maana linaweza kupasuka kama bomu. Usirudi ndani kuchukua simu, nguo au posho.

TENKI LIKIPINDUKA, USIKIMBILIE

Sehemu hii ni yako wewe hata kama hutakanyaga lori maishani mwako.

Tarehe 31 Januari 2009, huko Sachang'wan, Kenya, petroli ilimwagika kutoka kwenye tenki lililopinduka. Watu wakaenda kuchota. Zaidi ya 110 walikufa. Tarehe 2 Julai 2010, huko Sange, mashariki ya Kongo, lilipinduka tenki lililokuwa likitokea Tanzania. Zaidi ya 230 walikufa, na miongoni mwao walikuwemo waliokuwa ndani ya vibanda wakitazama Kombe la Dunia. Tarehe 10 Agosti 2019, eneo la Msamvu mjini Morogoro, watu walikwenda na madumu na ndoo. Zaidi ya 100 walikufa.

Hawakuwa watu wabaya. Walikuwa waendesha bodaboda, wachuuzi, wanafunzi, wapita njia. Waliona lita chache za bure.

Ambacho hawakukiona ni mvuke. Petroli hutoa mvuke unaoweza kuwaka hata kwenye baridi kuliko ya friza. Mvuke huo ni mzito kuliko hewa. Haupandi juu ukapotea. Unatambaa chini, unaingia kwenye mitaro, unazunguka miguu ya watu. Unaposimama pale na dumu lako, umesimama ndani ya kitu kinachosubiri cheche. Cheche hiyo inaweza kutoka kwa mtu usiyemjua: anayewasha pikipiki, anayevuta sigara, anayefungua betri ya lori. Unaweza kuwa mwangalifu kiasi gani katikati ya watu mia?

Kwa hiyo ukiona tenki limelala, nenda upande mwingine, mamia ya mita, na uwaambie wengine. Ukimwona mdogo wako anakimbilia huko na ndoo, mshike mkono. Dumu la petroli lina bei yake. Wewe huna.

MTU AKIUNGUA

Nguo zikishika moto, usikimbie. Lala chini, funika uso kwa mikono, jiviringishe. Kimbia utaupepea moto.

Mtu aliyeungua mwagilie sehemu ile maji safi ya kawaida yanayotiririka kwa dakika 20. Maji ya bomba au ya ndoo yanatosha, barafu hapana. Vua pete, saa na viatu mapema kabla hajavimba. Nguo iliyoganda kwenye ngozi usiibandue. Malengelenge usiyapasue. Usipake dawa ya meno, mafuta ya kupikia, yai wala unga. Vitu hivyo hushikilia joto, huleta vidudu na kumpa daktari kazi ya kuvikwangua. Funika kidonda kwa kitambaa safi, mfunike mgonjwa mwilini asipate baridi, mpeleke hospitali.

Mtu aliyevuta moshi apelekwe hata kama hana kidonda. Sauti ikikauka, akikohoa masizi, au nywele za puani zikiwa zimeungua, haraka iongezeke. Koo linaweza kuvimba ndani baada ya saa chache.

JIPIME

1. Kwa nini tairi la ndani lenye upepo mdogo ni la hatari kuliko la nje?
2. Fyuzi inakatika kila siku. Fundi anataka kuweka waya. Utamwambia nini?
3. Dereva anashuka mlima mrefu akiwa ameweka fri. Nishati ya lori inaishia wapi?

Majibu: (1) Halionekani, maana la nje linalibeba, hivyo linapata moto bila mtu kujua. (2) Tafuta kwanza kwa nini inakatika, kisha weka fyuzi ya kiwango kile kile. (3) Kwenye ngoma za breki, kama joto, na zikishindwa, kwenye mwendo.

TURUDI KWA YULE KIJANA

Turudi kwenye saa tisa usiku. Harufu ni ile ile. Dereva ni yule yule, amechoka, na tajiri ameshapiga simu mara tatu. Kijana anarudi mbele.

"Mzee, samahani. Gurudumu la nyuma kushoto linanuka, na lina joto kuliko mengine. Naomba uje uone."

Dereva anaguna. Anashuka. Anapeleka kiganja karibu na gurudumu, anakirudisha haraka. Anakaa kimya kidogo. Kisha anasema, "Leta jeki, kijana."

Mzigo ulichelewa saa nne. Tajiri alifoka. Siku ya pili hakuna gazeti lililoandika chochote, kwa sababu hapakuwa na cha kuandika. Ukaguzi mzuri ndivyo ulivyo, rafiki: hakuna anayekupigia makofi. Watu wanafika tu.

Je, kwenu kuna dereva au utingo? Mpe makala hii aisome, halafu tuandikie alichokuambia.